Kiti cha Mbele ni cha Mama Sidonie

Komini ya Kenya, Lubumbashi,
Jumatano, 9 Julai 2025

Tantine Olive, shangazi yangu mpendwa,

Kabla ya habari yoyote nakusalimu kwa mikono miwili, na mmoja kati ya mikono hiyo sasa una pete. Unisamehe. Nilitaka kungoja hadi chini ya ukurasa ndipo niitaje, lakini kalamu imenishinda.

Umeamkaje huko Pweto? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimetulia, au moshi wa kukaushia samaki bado unakupa kikohozi? Na bibi yangu, kambo Honorine, magoti yake yanamfikisha kanisani? Mwambie mjukuu wake Dorcelle anamkumbuka kila siku, na shuka aliyonitumia imetandikwa kitandani kwetu tangu siku ya kwanza.

Sisi hapa ni wazima. Baridi ya mwezi wa saba imeingia kwa nguvu. Asubuhi watu wa Kenya, komini yetu hii, wanapita wamejifunga vitenge hadi masikioni, na vumbi jekundu linakaa juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Papa analalamikia mgongo, lakini kiti chake anakibeba mwenyewe kufuata jua, kwa hiyo usihangaike sana. Mama ni mzima. Elisée kaka yangu na mke wake wamepata mtoto wa pili, msichana, mwenye sauti kama honi ya lori.

Mimi ndiye mzima kuliko wote, kwa sababu nimeolewa! Mume wangu anaitwa Kakule Ézéchiel. Nimeandika “mume wangu”, nikasimama kidogo kulitazama neno hilo, na sasa naendelea.

Unajua tulivyokutana? Mama alinituma depo ya akina Kakule, wale Wanande waliotoka Butembo wanaouza jumla chumvi, mafuta na unga karibu na soko. Yeye alinibebea mfuko wa unga hadi kwenye taxi-bus. Halafu akapanda. Halafu akakaa, na mfuko magotini, mpaka mlangoni kwetu. Tuliposhuka nikamwuliza: “Weye, depo ulifunga?” Akanitazama kama mtu anayeamshwa, akasema: “Depo gani?” Tantine, moyo wangu uliishia pale. Depo ilikuwa wazi mchana mzima, na mama yake alimtafuta hadi kwa wauza makaa.

Harusi ilikuwa mwezi uliopita, katika parokia yetu ile ile ambamo ulinifundisha kuimba sauti ya pili. Nilivaa gauni jeupe lenye mikono mirefu kwa ajili ya baridi, na baada ya misa tulikwenda kupiga picha kwenye hoteli ya Karavia. Ézéchiel alikuwa akinitazama mimi badala ya kumtazama mpiga picha, na katika picha zote uso wake umegeuka upande. Mpiga picha alikasirika. Mimi nimezipenda zote.

Lakini kulikuwa na kiti chako, Tantine. Papa alikataa mtu yeyote asikikalie. Kilikuwa mbele kabisa, kati yake na Mama, na juu yake kipande chako cha kitenge cha familia, kile cha kijani, kimekunjwa, hakijashonwa. Watu wa upande wa mume wangu waliuliza kiti ni cha nani. Papa akajibu tu: “Ni ya dada yangu. Iko mbali.” Akakiangalia kiti kile kana kwamba kitamwongezea maneno.

Na mimi, katikati ya furaha yote ile, na maua mikononi, nilianza kukumbuka Jumapili zetu.

Unakumbuka jinsi Papa alivyoiweka televisheni dirishani, ikitazama nje, ili watu wote wa lupango, ua wetu mzima, waone? Majirani walifika na vigoda vyao kabla jua halijazama. Mama alikaanga karanga. Ulipoanza muziki wa mchezo wenu, “Mulango ya Nyuma”, hata mbwa wa jirani alinyamaza. Kisha Mama Sidonie, mama mkwe mbaya kuliko wote wa Lubumbashi, aliingia kiooni na kile kitambaa cha buluu kichwani, mikono kiunoni, na watu wakapiga kelele: “Muchawi anafika!” Nawe uliyemcheza ulikuwa umekaa kati yetu, unamenya karanga, na wewe ndiye uliyekuwa ukijitukana kwa sauti kubwa kuliko wote! “Mwangalie ule mama, hana hata haya!” Sisi watoto tulicheka mpaka tukaanguka kwenye mkeka.

Ulikuwa bado kijana sana. Nilipokuwa mdogo sikuelewa hilo, nilifikiri watu wazima wote wana umri mmoja. Sasa nahesabu na kuona kwamba ulikuwa karibu na umri wangu wa leo, msichana wa kwaya, na Papa Adalbert, yule kiongozi wa kundi, alikupaka majivu ya mbabula, jiko la makaa, nywelini akasema: “Basi, umezeeka.” Na ukazeeka kweli, hata mgongo ukapinda. Ukishamaliza, unanawa nywele, unarudi nyumbani unaruka kamba nasi.

Watu wa leo hawaniamini nikiwaambia kwamba hakukuwa na karatasi. Wanadhani kila neno liliandikwa na mtu. Nawaambia hapana, Papa Adalbert aliwakusanya tu katika chumba cha parokia akawapa mambo mafupi: “Virginie, weye muke ya mutoto, unapika bukari. Olive, weye unaionja. Twende.” Hayo tu, na kamera inaanza. Yaliyobaki yalitoka kichwani mwako, papo hapo. Ndiyo siku ile ulipoichukua bukari ya Virginie, ugali mgumu kama tofali, ukaibonyeza kwa kidole, ukaigonga mezani, ukasema lile neno ambalo mji mzima ulilirudia mwaka mzima: “Hii bukari ni ya kula, ao ni ya kujengea nyumba?” Papa Adalbert mwenyewe alicheka nyuma ya kamera. Ilibidi Virginie afiche uso katika kitenge, na watu wakadhani analia!

Na umeme ulipokatika katikati ya kipindi, unakumbuka? Kwanza barabara yote ilipiga kelele moja, aah! Halafu hatua za watu zikija kwenye mlango wetu. “Mama Sidonie! Malizia!” Ulisimama kizingitini, Papa amekushikia taa, ukawachezea yaliyobaki: sauti ya Virginie akilia, sauti ya mwana mwoga asiyeweza kumtetea mke wake, na sauti yako. Watu waliojaa kwetu hawakutaka umeme urudi. Waliokuwa na jenereta walitusimulia kesho yake jinsi ilivyoisha kweli, nasi tukawaambia yetu ilikuwa nzuri zaidi.

Virginie alikuja harusini. Amenenepa, ni mzuri kama zamani, anauza mikate na keki hapa Kenya. Alinikumbusha jinsi mlivyokwenda sokoni pamoja. Yeye, kwa sababu aliteswa kila Jumapili, wamama walimwongezea ndizi bure: “Chukua, mama, kula, ule muchawi hakupi kitu!” Wewe, walikataa hata kukuuzia nyanya. Basi mkipita kona mnagawana ndizi zake. Alisimulia hayo akicheka, kisha akakitazama kiti chako, akaacha kucheka.

Mama naye alinisimulia jambo jingine nilipokaribia kuolewa. Alisema nimekuwa mkubwa wa kutosha. Aliniambia juu ya yule kijana wa reli, ambaye jina lake sitaliandika, aliyekuletea saa ya mkono, na jinsi mama yake alivyosema kwamba mwanamke anayeweza kusema maneno kama yale, hata kwa mchezo, hataingia nyumbani mwake. Ulimrudishia saa yake. Na Jumapili iliyofuata ulicheza Mama Sidonie vizuri kuliko siku zote. Niliikumbuka Jumapili ile. Nilikuwa nimekaa miguuni pako. Nilicheka sana. Sikujua kitu.

Kisha Papa Adalbert alifariki, Mungu amlaze pema, kundi likatawanyika, na televisheni ikaanza kuonyesha michezo ya mbali ambayo midomo ya watu haifuatani na maneno. “Mulango ya Nyuma” ikaisha. Lakini barabarani uliendelea kuwa Mama Sidonie.

Nisingetaja harusi ya Elisée kama nisingelazimika. Nilikuwepo. Ulikuwa umebeba beseni la vyombo vya bibi harusi kichwani, unacheza, umependeza, na kambo mzee wa bibi harusi akasimama akapaza sauti: “Ule asiguse bintu bya mutoto wangu! Atabomoa ndoa!” Watu walicheka, wakidhani ni utani. Halafu wakaona mzee yule anatetemeka kweli. Uliliweka beseni chini taratibu, ukatabasamu kwa watu wote, ukapita jikoni, ukaondoka. Wiki ile ile ulikuwa njiani kwenda Pweto. Na tangu hapo umekuja kwetu kwa misiba tu. Mama alipokupigia simu juu ya harusi yangu, ulisema: “Mumubariki kwa jina langu, mi nisimwaribie siku yake.” Nililia juu ya unga niliokuwa nachekecha.

Kuhusu lile beseni, Tantine, nikuambie. Mke wa Elisée anamwogeshea mtoto ndani yake. Yule mwenye honi. Kila asubuhi.

Sasa nikueleze upumbavu wa nyumbani kwetu, nawe usikasirike, ucheke. Unaijua picha yako iliyotundikwa saloni, sebuleni kwetu, wewe na kitambaa cha buluu, mikono kiunoni. Akina Kakule walipokuja mara ya kwanza kubisha hodi kwa ajili yangu, Mama aliogopa yaliyompata Elisée yasinipate mimi. Akaishusha picha, akatundika kalenda ya parokia. Wakiondoka, Papa anatoa kalenda, anarudisha picha, anaipangusa vumbi, anaiomba radhi. Ikawa desturi. Papa akisikia gari limesimama nje anaruka kama kijana, mgongo wote umepona.

Ézéchiel nilimwambia ukweli mapema. Alifurahi mno, lakini akasema tungoje hadi tufunge ndoa ndipo mama yake ajue. “Mama anamuchukiaka ule Mama Sidonie sana,” aliniambia. “Kila siku anamuongeleaka, na sauti inapanda.” Basi tukafunga ndoa, na bado tukaogopa.

Si Jumapili iliyopita, ile ya kabla yake, mama mkwe wangu, Mama Perpétue, alitoka kanisani akaja kwetu kwa miguu. Kwa miguu! Kwa hiyo Papa hakusikia gari. Sisi wawili tulikuwa pale kuwasalimu wazazi. Tulisikia tu “Hodi, bakwe!” na Mama Perpétue tayari yuko saloni na mfuko wa viazi, na picha iko ukutani.

Papa alifanya kitu kimoja tu alichoweza. Alisimama mbele ya picha, mgongo ukutani.

Tulisalimiana. Mama Perpétue akakaa. Papa hakukaa.

“Mukwe, ukae,” akamwambia.

“Hapana, mama. Ni mugongo. Munganga alisema nisimame.”

Mama alileta maji. Tukaulizana habari za Butembo, tukawaombea ndugu walioko kule. Papa bado amesimama. Mama Perpétue anamtazama, anainama kidogo kushoto, Papa anasogea kushoto. Anainama kulia, Papa anasogea kulia. Ézéchiel alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanatikisika.

“Mukwe, nyuma yako kuko nini?”

“Ukuta,” Papa akasema.

“Ukuta yenye iko na kitambaa ya buluu?”

Papa akashusha mabega. Alijitoa pale kama mtu anayetoka kizimbani. Mama Perpétue akainuka, akaweka bilauri chini, akaenda hadi kwenye picha. Alikunyooshea kidole. Mimi nilishika mkono wa mume wangu nikamwambia Mungu: basi, ndoa yangu imedumu wiki chache, aksanti hata kwa hizo.

“Mama Sidonie,” akasema. “Kumbe njo weye?”

Halafu, Tantine, akaweka mikono kiunoni, akapinda mgongo, na kwa sauti yako, sauti yako kabisa, akaiambia picha: “Hii bukari ni ya kula, ao ni ya kujengea nyumba?” Akacheka hadi akakaa chini sakafuni, na kitenge chake cha kanisani, akipiga magoti yake kwa viganja. Na alipomaliza kucheka tuliona kwamba analia.

Papa akamwambia, kwa sauti ndogo: “Ni dada yangu, mama. Olive.” Akamweleza yote, hata beseni, hata kalenda.

Ndipo akatusimulia. Alipofika Lubumbashi kutoka Butembo alikuwa mgeni kabisa. Mume wake alisafiri na malori, yeye akabaki peke yake ndani ya depo. Kiswahili cha kwao Kivu kiliwachekesha watu wa hapa, na kila alipofungua mdomo sokoni walimwigiza, mpaka akaacha kuongea, akawa anaonyesha kwa kidole tu. Lakini jirani yake alikuwa na televisheni. Jumapili alikaa mlangoni kwa huyo jirani akakusikiliza, na wiki nzima alirudia maneno yako peke yake kati ya mifuko ya chumvi. Siku ya kwanza aliyopata ujasiri, mnunuzi alimtajia bei ndogo mno ya unga. Akaweka mikono kiunoni akamwambia: “Hii bei ni ya kununua, ao ni ya kujengea nyumba?” Soko zima lilipasuka kwa kicheko. Yule mnunuzi alilipa. Kesho yake watu walikuja depo ili wasikie tu ule Munande anaongea kama Mama Sidonie, na wakishakuja wananunua.

“Ule mama njo alinifundisha kuongea na bantu ya huku,” alisema. “Bila ye ningerudia Butembo.”

Ézéchiel akamwuliza: “Sasa Mama, juu ya nini kila siku unamuongeleaka na makelele?”

“Juu namupenda, mupumbavu! Muntu anaongeleaka muntu mwenye anachukia?”

Halafu akanigeukia mimi. Akasema siku Ézéchiel alipomwambia anataka kuoa, alijiambia moyoni: Perpétue, angalia sana, usikuwe Mama Sidonie. Tantine, nikuambie jambo. Juma la kwanza la ndoa yangu nilipika bukari kwa mama mkwe, na ilitoka mbichi katikati. Niliiona mwenyewe. Yeye aliila yote, akanawa, akasema: “Aksanti, mutoto wangu.” Nilidhani ni upole wake tu. Kumbe ni wewe uliyenilinda pale mezani, ukiwa mbali huko Pweto, bila kujua. Na ni wangapi wengine katika mji huu, Tantine, ambao mama wakwe wao walikutazama Jumapili, wakajiona kidogo, wakaona haya? Hawakuja kukuambia. Walikunyima nyanya tu.

Nafika sasa kwenye jambo lenyewe.

Matebeto yangu hayajafanyika. Wewe unayajua kuliko mimi, lakini kwa watu wa mume wangu ni mageni, na ilibidi Mama awaeleze: wamama wa upande wa bibi harusi wanapika vyakula vyote vya kwao, wanavibeba kichwani hadi kwa mume, wakiimba, na shangazi yake anatangulia na chungu cha kwanza, anakifunua mbele yake. Kabla ya siku hiyo mume hali chakula cha ukweni. Yangu yalipaswa kuwa kabla ya harusi. Yaliahirishwa, na kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyesema. Mama alikuwa ameanza kutafuta mama mwingine wa parokia ashike nafasi yako.

Mama Perpétue aliposikia hayo alikataa pale pale. “Nani? Hapana. Mutoto wangu atangoja.” Na juu ya yale ya harusi ya Elisée akasema: “Ule kambo aliogopa. Hata mi nilimuogopaka Mama Sidonie, njo maana nilijifunza. Mumwambie akuye. Chungu abebe ye mwenyewe. Nitaipokea na mikono yangu, mbele ya bantu bote, na bintu byote bya mutoto wake aguse, kimoja kimoja.”

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nilijua utataka kuyasikia kwa mdomo wake.

Basi mume wangu anangoja. Jumapili hii Mama alipika sombe, majani ya muhogo, na wale samaki wako uliotutumia, na Ézéchiel alikaa nje kwenye kiti cha Papa, anakunywa maji, anavuta harufu. Nilimwonea huruma, nikamwambia aingie, hakuna atakayeona. Akasema hapana, amengoja hadi hapa, ataingia kwa mlango wa mbele, nyuma ya chungu cha shangazi. Tantine, niambie, utapata wapi mwanamume kama huyu? Halafu tumbo lake likanguruma, na Papa ndani akadhani ni pikipiki, akaruka kutafuta kalenda kwa mazoea.

Barua hii anakuletea Dédé, dereva wa lori la mama mkwe wangu. Anapeleka unga na chumvi Pweto, na atapakia samaki wakavu kurudi. Barabara sasa ni kavu. Mama Perpétue alimwita mbele yangu akamwambia: “Kwa kiti ya mbele usipakie kitu. Hata mufuko moja. Hata kuku.” Dédé alilalamika, maana kuna abiria wengi njiani. Akamwambia: “Kiti ile ni ya Mama Sidonie.” Dédé akaacha kulalamika, akauliza kama ni kweli, akaenda kulipangusa dirisha la upande ule.

Sitakulazimisha. Najua kwamba kicheko cha watu kiliwahi kukukata, na mimi sikuwa na umri wa kukufunga kidonda. Nikiona lori limerudi na kiti kitupu, nitaelewa, na nitakupenda vile vile, na matebeto yatangoja hadi lori lijalo na jingine baada yake. Lakini ukipanda, njoo na kitambaa cha buluu. Kitenge chako cha kijani kiko kwa mshonaji, Mama ana vipimo vyako vya zamani, kama umekonda atapunguza. Virginie ameomba kubeba chungu cha pili nyuma yako. Safari hii ndizi mtagawana mbele ya watu.

Na kuna jambo langu mwenyewe, la mke mpya. Nimejifunza kupika, nadhani. Ézéchiel anasema bukari yangu ni nzuri, lakini yeye anapenda hata ninapochemsha maji. Mama mkwe anasema ni nzuri, lakini ameapa kutonisema. Katika nyumba nzima hakuna wa kuniambia ukweli. Nataka uibonyeze kwa kidole, uigonge mezani, unitazame, useme kama ni ya kula, ao ni ya kujengea nyumba.

Papa na Mama wanakusalimu, na Elisée, na mke wake, na mtoto wa honi. Virginie anakusalimu kwa ndizi mbili. Mama Perpétue hakutaka kutuma salamu, amesema zake atakupa mkononi. Msalimie sana kambo Honorine. Kama magoti yanamruhusu, kiti cha mbele kinaweza kubanwa mkakaa wawili.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe kifua kizima, na akurudishie kwa mikono miwili kila kitu ulichokiweka chini siku ile.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda tangu siku za kigoda na karanga,

Dorcelle, mke wa Kakule

Tantine, ni mi mukwe wako. Barua sijaisoma, ameificha na mukono. Najua kitu moja tu: niko na njala. Kuya na lori. – Ézéchiel